Injini ya Bi Mkubwa Iko Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Bi Mkubwa kazimika tena. Safari hii langoni kabisa, nusu uwanjani nusu barabarani, na moshi wa buluu ukamfunika mwanafunzi wangu Nesi aliyekuwa kwenye usukani mpaka nikawa simwoni. Akatoka mikono juu. Anasema Mwalimu, nimemuua. Nikamwambia hujamuua wewe, ulimkuta mgonjwa.

Hili ndilo gari pekee la shule yangu ya udereva. Shule yenyewe ni mimi, uwanja wa nyuma ya ghala lisilotumika, koni za plastiki zilizopauka, na Bi Mkubwa. Gari likifa, shule imekufa, nami nabaki nyumbani kutazamana na ukuta.

Jioni kaja shemeji, mdogo wake mume wangu, fundi magari. Kachomoa kijiti cha oili, kakinusa, kakifuta kwenye suruali yake. Injini inakula oili, kasema. Ringi zimekwisha, silinda zimelika. Dawa ni kushusha injini yote, kuifungua na kuifunga upya. Nikamuuliza bei. Akatazama juu kama mtu anayeangalia kama itanyesha. Nikaelewa.

Nimemwambia asiguse kitu. Nafikiria kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Baraza la nyumbani, mimi na mume wangu, mada moja: Bi Mkubwa atengenezwe au auzwe chuma chakavu.

Hela ipo. Hiyo ndiyo shida — ingekuwa haipo tungelala usingizi wetu. Ni kipande cha mwisho cha kiinua mgongo chake cha posta, na yeye ana mipango nacho. Anataka viti vya plastiki na turubai, awe anakodisha kwenye shughuli za watu. Kasema viti vya plastiki haviombi oili. Kasema la kuvunda halina ubani. Nikamwambia hayo husemwa pale penye kilichooza, mwenzio bado anapumua. Kasema na wewe mama watoto umri umekwenda, funga shule, pumzika.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nani kamwambia nimechoka? Nikikaa mwezi mmoja tu bila mtu wa kumfokea kuhusu klachi, mimi nitakwisha kabla ya gari.

Halafu yeye ndiye wa kunifundisha habari za magari! Mume wa mwalimu wa udereva, na hajui kuendesha. Nimemfundisha mpaka nimechoka. Injini ikinguruma tu, anainua miguu yote miwili na kufumba macho. Mtaani wanamwita Abiria. Kinyozi hajinyoi, wanasema, na wanacheka, naye anacheka nao. Lakini mimi nalala naye chumba kimoja. Najua kicheko chake cha kweli, na kile sicho.

Tumelala bila kuafikiana. Kalala upande wake, mimi wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Nimerudi kutoka sokoni, nafungua mlango wa sebule, nakuta injini. Injini nzima ya gari, imefunguliwa vipande vipande, imetandazwa kwenye shuka langu. Si shuka la kawaida. Lile lenye maua niliyodarizi mwenyewe, ambalo hata wageni silitoi.

Shemeji yuko katikati, amepiga magoti, uso umemtulia. Nikamuuliza hii nini. Kasema nimeifungua tu niione, shemeji. Nikamwambia si nilisema usiguse? Kasema sasa nitajuaje kama inafaa kufunguliwa bila kuifungua? Na gereji yake haina paa, mvua inakuja, vyuma vitashika kutu, ndiyo maana kaona sebuleni ni salama zaidi.

Mafundi wote ndivyo walivyo. Anafungua kwanza, ruhusa anaiomba baadaye, ukiwa huna la kufanya. Tena akaniwekea na methali juu: maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikamwambia aliyevua nguo ni wewe, mbona anayeogeshwa ni mimi?

Sasa eti nichague. Ninunue spea mpya aifunge, au aikusanye kwenye gunia iende kwa wauza vyuma. Yeye anangoja. Hana haraka, kasema, na akaomba chai.

Na kama hiyo haitoshi, mkaguzi wa shule za udereva kapita uwanjani mchana. Hakushuka kwenye pikipiki yake. Kasema mwisho wa mwezi anakuja kukagua, Alhamisi ile ya mwisho, na shule yenye gari lisilotembea kibali kinafutwa papo hapo. Bi Mkubwa alikuwa nyuma yangu, boneti imefungwa, tumbo tupu. Pua imeinuka juu kwa sababu hana uzito mbele. Mkaguzi kamtazama, kasema gari lako linaonekana lina nguvu.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu kakaa kwenye kochi siku nzima, redio pembeni, anaitazama injini. Mwanzo kwa mbali. Baadaye kaivuta stuli karibu. Halafu nikamwona kaokota kitu, anakigeuza mkononi.

Kaniuliza hii ndiyo inayopiga zile kelele? Nikamwambia hiyo ni pistoni, na wenzake wale pale, zinapanda na kushuka. Akaipandisha na kuishusha hewani. Kasema basi? Kupanda na kushuka tu?

Kachukua kitambaa, kaanza kuisugua.

Jumatatu, 10 Machi

Wanafunzi wangu watatu wamekuja asubuhi kama kawaida. Nesi, Muuza maua, na Kinyozi. Walishalipa. Siwezi kuwaambia rudini nyumbani, injini imelala sebuleni kwangu.

Nikasema leo somo kavu. Mwanafunzi wangu yeyote siku ya kwanza nampa somo kavu: gari limezimwa, unakaa, unajifunza miguu na mikono. Klachi, gia, achia taratibu, kanyaga. Mguu ukielewa ukiwa kimya, hautachanganyikiwa kwenye kelele. Ndiyo siri ya shule yangu, wengine wanairuka.

Nesi akalalamika kuwa yeye somo kavu alishalivuka, mtihani wake uko karibu, anataka kutembea. Nikasema sawa, mtatembea. Wawili wasukume, mmoja aendeshe. Kinyozi akasema mgongo wake hauwezi kusukuma, yeye husimama kutwa nzima. Akaingia kiti cha nyuma.

Basi tukawa tunasukuma, mimi na Muuza maua, Nesi kwenye usukani. Kimya kabisa, matairi tu kwenye mchanga. Mara nasikia Bi Mkubwa ananguruma. Moyo ukanilipuka. Kumbe ni Kinyozi! Kwa mdomo. Na si mngurumo wa kubahatisha. Ni Bi Mkubwa mwenyewe, na kile kikohozi chake cha asubuhi, na ule mlio wa kugonga anapopanda gia ya pili. Kinyozi anasema dukani kwake anasikiliza mashine siku nzima, sikio lake limezoea.

Nesi akaachia klachi ghafla, kama kawaida yake. Kinyozi akatetemeka mwili mzima, akakohoa, akanyamaza. Nesi akauliza vipi? Kinyozi akasema umenizima.

Nimefundisha miaka mingi. Sijawahi kuona mwanafunzi akielewa klachi kwa haraka namna ile.

Jumatano, 12 Machi

Kinyozi amekuwa mkali kuliko injini ya kweli. Ile ya chuma ilikuwa inasamehe, yeye hasamehi. Leo kamzimikia Muuza maua mara nyingi mpaka mama wa watu akataka kulia. Akaomba awashwe. Kinyozi akasema haiwezekani, petroli imejaa, ngoja kidogo. Akafumba macho kwenye kiti cha nyuma, mikono kifuani. Tukasimama juani tukimngoja petroli imkauke.

Nikamwambia acha maringo, waka. Kasema Mwalimu, injini haiamrishwi.

Jirani wa ng'ambo alikuwa ukutani anatazama. Jioni kaja kuuliza kama kuna nafasi. Anasema amekuwa akiogopa magari tangu utotoni, lakini hili halimtishi.

Alhamisi, 13 Machi

Wanafunzi wapya: jirani wa ng'ambo, dada yake, na mwalimu wa hesabu aliyegonga ukuta wa shule yake mwaka jana. Wote waoga. Wote wameuliza kwanza kama ni kweli gari halina injini. Nikasema ni kwa muda tu. Nyuso zikawashuka.

Wasukumaji sasa wapo tele. Mimi nakaa kivulini nafoka.

Jumapili, 16 Machi

Nataka niandike hili polepole.

Leo hakuna masomo. Nikawa nafua. Mume wangu kasema anakwenda uwanjani kuangalia kama Bi Mkubwa hajaibiwa matairi. Akachelewa. Nikamfuata, ndoo mkononi, nikiwa na maneno yangu tayari.

Nikamkuta kwenye kiti cha dereva. Dirisha wazi, mikono kwenye usukani. Nyuma kuna Kinyozi, ambaye Jumapili hufunga duka mapema. Muuza maua na jirani wa ng'ambo wanasukuma. Na gari linatembea, na anayeliendesha ni mume wangu, na macho yake yako wazi.

Kazunguka koni zote. Kaangalia kioo. Kapiga honi kwenye kona, kama ninavyowaambia siku zote, na hakuna anayenisikiliza. Kinyozi aliongeza sauti kidogo kwenye gia ya tatu na nikasema moyoni, basi, sasa atainua miguu. Hakuinua. Akasema kwa sauti, kumbe ni wewe tu. Kinyozi akajibu ndiyo, ni mimi, bila kuacha kunguruma.

Nimesimama pale na ndoo yangu ya nguo mbichi na machozi yananitoka. Naona aibu kuyaandika lakini ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimfokea, kanyaga, achia, kanyaga, nikidhani ni ukaidi. Mtu alikuwa anaogopa kelele.

Aliposimama akaniona. Akauliza, nimepaki vizuri? Nikamwambia uko mbali na ukuta. Nikaenda kuanika.

Jumanne, 18 Machi

Injini imechemka.

Maana yake Kinyozi kaja hana sauti. Koo limemvimba, akijaribu kunguruma inatoka pumzi tu. Wanafunzi wamejaa uwanjani, wote wananitazama mimi kama mmiliki. Nesi kamwangalia koo, kasema asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na asifanye kazi siku mbili. Mwalimu wa hesabu akajitolea kuwa injini ya akiba. Hakufaa. Analia kama pikipiki, na hesabu ya gia hajui.

Jioni Kinyozi kaja nyumbani kujieleza. Kaomba asali. Anasema injini yoyote inahitaji oili, na yeye amefanya kazi wiki nzima kavu. Mume wangu akasema, basi huyu naye anakula oili, tutafika wapi? Shemeji, aliyekuwa pale akinywa chai kama kila siku, kamwita Kinyozi karibu, kaweka sikio kifuani kwake. Kamwambia nguruma. Kasikiliza. Kasema silinda moja haifanyi kazi vizuri. Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Kaanza kumweleza Kinyozi habari ya kubadilisha ringi.

Hapo nikapiga meza. Nikawaambia mnasikia mnachokisema? Tumekaa sebuleni, injini ya kweli iko miguuni petu kwenye shuka langu, na tunajadili matengenezo ya kinyozi!

Shemeji akakoroga chai yake. Halafu mume wangu akasema taratibu, lakini asali ni rahisi zaidi.

Ijumaa, 21 Machi

Nesi kafaulu! Mara ya kwanza tu. Katumia gari la pale kwenye mtihani, gari jipya, lina kila kitu. Anasema lilimchanganya kidogo kwa sababu halikohoi, akawa hajui lini abadilishe gia. Ikabidi angurume mwenyewe, chini chini. Mtahini akamuuliza unaimba? Akasema ndiyo. Akaambiwa endelea, unaendesha vizuri ukiimba.

Kaniletea soda. Kanikumbatia. Kinyozi, sauti imemrudia nusu, anatembea uwanjani kama aliyefaulu ni yeye.

Jumamosi, 22 Machi

Tumegombana tena na mume wangu, lakini tumebadilishana viti. Sasa mimi ndiye ninayetaka jambo liishe, yeye ndiye asiyetaka.

Nikamwambia mkaguzi anakuja Alhamisi. Gari lisilotembea, kibali kinafutwa. Toa hela ile, mdogo wako anunue spea, afunge injini, tumalize. Au sema hutoi, tuuze, ununue viti vyako. Moja.

Kasema viti havitaki tena. Nikashtuka. Unataka nini? Kasema anataka mambo yabaki hivi hivi. Kwani yana kasoro gani? Wanafunzi wameongezeka, Nesi kafaulu, petroli hatununui. Ukirudisha injini, mama watoto, zitarudi zile kelele. Kasema hivyo huku anasugua pistoni. Zote zinang'aa sasa, unaweza kujitazama.

Nikataka kumjibu kwamba gari bila injini ni kibanda chenye matairi. Sikumjibu. Kwa sababu nilimwelewa, na hilo ndilo linaloniuma. Nikiifunga injini nimepata shule, nimempoteza dereva. Nikiiacha, ana siku nne za kuwa dereva, na baada ya hapo hatuna shule wala hana pa kuendesha. Nikifanya hesabu upande huu inakataa, upande ule inakataa.

Nimemwuliza shemeji, kama fundi, si kama ndugu: gari la umri huu linastahili gharama yote hii? Kasema inategemea unataka likufikishe wapi. Nilipombana zaidi kasema usipoziba ufa utajenga ukuta, akaomba sukari. Sijui kwa nini bado namuuliza huyu mtu.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna uamuzi. Nimejikwaa kwenye kichwa cha silinda nikienda kufungua dirisha. Kidole gumba kimevimba.

Jumatano, 26 Machi

Kesho ndiyo kesho. Nimeamua kumwambia mkaguzi ukweli. Nitamfungulia boneti mwenyewe, aone pasipo na kitu, aseme analosema. Kuliko kukamatwa nikificha, bora niseme. Wanafunzi nimewaambia wasije.

Mume wangu kaniomba pasi. Kapiga pasi shati lake jeupe.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumba.

Wanafunzi wamekuja wote. Niliwakataza, wamekuja wote, na nguo safi. Mkaguzi kafika, kashuka kwenye pikipiki, kaning'iniza kofia yake ya chuma kwenye mpini, kaja moja kwa moja kwenye Bi Mkubwa. Kabla sijafungua mdomo kaingia kiti changu cha mwalimu, chenye breki yake ya pembeni. Akafunga mkanda. Nami nikageuka kumwita pembeni nimweleze, nikaona kiti cha dereva tayari kina mtu. Shati jeupe. Mume wangu.

Mkaguzi kasema washa. Kinyozi, nyuma, akawaka.

Namtazama mkaguzi. Hakugeuka. Gari likaanza kwenda, kwa sababu mwalimu wa hesabu na jirani wa ng'ambo na dada yake walikuwa wameshaweka mabega. Mkaguzi akatazama kioo, akauliza mbona watu wanasukuma? Mume wangu akajibu bila kutoa macho mbele: hawasukumi, wanasaidia. Mkaguzi akasema aa. Wakazunguka koni, ya kwanza, ya pili, zote. Klachi, gia, kioo, honi. Sijawahi kuona mtu akiendesha vizuri hivyo uwanjani mwangu, na nasema hivi nikiwa nimemfundisha Nesi. Nikaanza kuamini kwamba tutapona.

Mkaguzi akasema sasa tutoke barabarani.

Hakuna aliyekuwa ameifikiria barabara! Wote tulikuwa tunafikiria uwanja tu. Nikainua mkono, nikaita, lakini wasaidizi wamezoea, mtu akisema twende wao wanasukuma. Wakasukuma mpaka langoni, wakatoa ule msukumo wa mwisho wa mazoea. Na nje ya lango barabara inateremka mpaka bondeni. Wakabaki na mikono hewani. Bi Mkubwa akaondoka.

Nimekimbia mpaka kandambili zikanitoka. Nilichokiona ni taa za breki, zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, kwa utulivu, halafu indiketa ya kushoto. Nilichokisikia ni Kinyozi, gia ya tatu, kisha ya nne — gia ambayo Bi Mkubwa hajawahi kuingia tangu nimnunue. Kona ikawameza.

Nikarudi nyumbani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Shemeji kanifuata hapa ngazini, spana mkononi. Kauliza, shemeji, nifunge au nikusanye? Nikamwambia kaka yako kaenda bondeni bila injini na mkaguzi wa serikali ndani. Kasema naelewa, lakini nifunge au nikusanye?

Hapo simu ikalia. Mume wangu.

Nikasema uko hai? Kasema nimepaki. Nikasema wapi? Kasema bondeni, kando ya mtaro, mbali kidogo na ukingo kama unavyotaka, na hendibreki nimeweka. Nikakaa chini. Nikalia, shemeji akageuka pembeni. Mume wangu kasema mama watoto, nimeendesha. Watu wameniona. Muuza magazeti kanipungia mkono.

Nikamuuliza mkaguzi yukoje. Kasema yuko sawa, ila anasema kipande cha kushuka nimefaulu, kimebaki cha kupanda mlima, bila hicho hawezi kutoa kibali. Kisha kasema, mwambie mdogo wangu afunge injini. Achukue hela yote ya viti.

Nikamuuliza, hutaogopa? Kasema nitaogopa. Lakini nimekuja huku nikiwa dereva, sitaki nirudi nikiwa abiria.

Nimemwashiria shemeji kwa kichwa. Karuka juu ya ngazi, kaingia sebuleni, nasikia vyuma. Nikamwambia mume wangu, kufunga injini ni wiki nzima, baba watoto. Kaziba simu, kasemezana na mtu. Karudi. Anasema mkaguzi kasema si neno, waanze tu, ameshakilaza kiti chake nyuma.

Na nyuma ya sauti yake bado nausikia mngurumo, chini chini, na kile kikohozi. Nikasema mwambie Kinyozi azime basi, koo lake bado bovu. Kasema mwenyewe alitaka kuzima. Mkaguzi kamkataza. Anasema gari la umri huu, ukilizima, huenda lisiwake tena.